Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ofisi ya hali ya hewa: majibu kutoka pwani ya Mtwara

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya upimaji wa hali ya hewa pwani ya kusini mwa Tanzania. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa sokoni, kwenye daladala, barazani baada ya swala, na zaidi ya yote ufukweni. Nimeyajibu kwa maneno yangu. Taarifa rasmi, hasa za tahadhari, ni za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na hizo ndizo za kufuata siku ya hatari.

Ofisi ya hali ya hewa mkoani inafanya kazi gani kutwa nzima?

Inapima. Wengi wanadhani tunashinda mezani tukitabiri, kumbe kazi inayochukua muda zaidi ni kutoka nje na kusoma vyombo, saa baada ya saa, Idi na Krismasi zikiwemo. Joto na unyevu husomwa kwenye kibanda cheupe ambacho kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa, ili hewa ipite lakini jua lisivipige vipimajoto. Upepo hupimwa kwenye mlingoti wa mita 10. Mawingu huhesabiwa kwa macho: unaligawa anga mafungu 8, unasema mangapi yamefunikwa, na ni mawingu ya aina gani.

Mvua husomwa saa 3 asubuhi. Unatoa chupa iliyo ndani ya kipimamvua, unamimina maji kwenye glasi ya kupimia, unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, kisha unasoma pale chini palipobonyea, si pembeni ambako maji yamepanda kwenye glasi. Ukisoma umesimama, umekosea. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo ukisikia milimita 50 zimenyesha, jua kwamba eka yako moja imepokea zaidi ya lita laki 2.

Vipimo hivyo hutumwa kwa tarakimu kwenda Dar es Salaam na kutoka huko vinasambaa duniani, maana mawingu hayana pasipoti. Rubani anayekuja kutua Mtwara anavihitaji kabla hajaondoka.

Basi utabiri wenyewe anautengeneza nani?

Kituo Kikuu cha Utabiri, Dar es Salaam. Wataalamu hukusanya vipimo vya vituo vyote, picha za setilaiti, rada, na mahesabu ya kompyuta kubwa za vituo vya kimataifa, kisha wanajadiliana. Rada za Dar es Salaam na Mwanza zilitangulia na nyingine zimefuata, ikiwemo ya hapa Mtwara. Ofisi za kanda na mikoa zinaongeza kile ambacho kompyuta haikioni vizuri: kilima hiki, ghuba ile, upepo unaogeuka jioni. Wapimaji wengi wamepita Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichopo Kigoma.

Wazee bado wanauliza kama sisi ni watu wa Jumuiya. Zamani ilikuwa hivyo: huduma hii ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki yote mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka.

Mlisema mvua itanyesha. Kwangu halikudondoka hata tone. Mbona mnatudanganya?

Hili ndilo swali namba moja, na nalijibu bila kukasirika kwa sababu anayeuliza mara nyingi ameshapoteza kitu: amesia mbegu, au ameahirisha kuanika ufuta.

Sikiliza maneno ya utabiri kwa makini. Ukisikia "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua", maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mkoa itabaki kavu na vijiji vichache vitalowa. Wingu moja la mvua ya ngurumo laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Linainyeshea Mikindani, Mtwara mjini watu wanatembea na vumbi. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo, na "maeneo mengi" ndipo unapopaswa kujipanga kana kwamba itakufikia wewe. Maneno haya hayawekwi kwa mazoea, yana ngazi zake. Redio zinapoyafupisha na kusema "kesho mvua Mtwara", habari inakuwa imeshaharibika kabla haijakufikia.

Kuna siku tunakosea pia, na hilo lazima lisemwe. Siku hiyo tuambie. Taarifa ya "hapa kwetu haikunyesha" ina thamani sawa na ya "hapa kwetu imenyesha".

Rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu zina maana gani?

Njano ni angalizo: kaa macho, fuatilia taarifa. Rangi ya machungwa ni tahadhari: jiandae, badilisha mipango. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua sasa. Rangi inatokana na mambo mawili kwa pamoja, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara likitokea. Ndiyo maana mvua ya kiasi kilekile yaweza kupewa rangi kali zaidi ikiwa ardhi imeshashiba maji ya wiki nzima.

Mwaka 2019 mlituhamisha kwa ajili ya Kimbunga Kenneth, na hakikuja. Kwa nini tuwaamini tena?

Nakumbuka ile siku ya tarehe 25 Aprili. Shule zilifungwa, maduka yalifungwa, watu walibeba watoto na magodoro kwenda sehemu za juu. Kesho yake mji ulikuwa mzima, na mzee mmoja aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, umenitia hasara ya siku nzima."

Kenneth alikuja. Aliingia nchi kavu Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kusini mwa mpaka wetu, kwa upepo wa takriban kilomita 200 kwa saa, akabomoa vijiji vya watu wanaozungumza lugha zetu, wengine ndugu zetu kabisa. Kimbunga hakifuati barabara. Njia yake ikipinda kidogo tu baharini, mwishoni tofauti inakuwa ya kilomita mia na zaidi. Anayetabiri siku 2 kabla hawezi kuchora mstari mmoja, anachora eneo ambalo kimbunga chaweza kupita, na Mtwara ilikuwa ndani ya eneo hilo. Ningekuwa na watoto Msimbati, kijiji cha ufukweni, ningewahamisha, na leo ningefanya vilevile.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mwanzoni mwa Mei, wakati watu wanadhani msimu wa vimbunga umekwisha, mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa pwani yetu ukakua ukawa Kimbunga Hidaya. Tahadhari zilitolewa kwa mikoa ya pwani yote, Unguja na Pemba. Tarehe 4 Mei kilipoteza nguvu maeneo ya Mafia. Kilipoisha upepo, mvua ndiyo iliyoumiza: barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa. Watu wengi wanaogopa upepo wa kimbunga na kusahau maji yake, na huku kwetu maji ndiyo yaliyotudhuru.

Lakini si mlisema Tanzania haipigwi na vimbunga?

Ni nadra, na sababu inaeleweka. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, na kinahitaji dunia ikizungushe. Nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo sana karibu na Ikweta, na sisi tuko karibu nayo. Vingi vinavyokaribia upande huu wa Bahari ya Hindi vinaelekea Madagaska na Msumbiji.

Nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mashamba ya mikarafuu na kuzamisha majahazi bandarini. Pemba ilinusurika, na ndiyo sababu mojawapo ya karafuu kuwa mali ya Pemba hadi leo. Tarehe 15 Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Vyote viwili ni vya Aprili, na Kenneth pia, kwa hiyo mkazi wa pwani ya kusini asilegee mvua za Msimu zinapokaribia kwisha.

Majina ya vimbunga mnayatoa wapi?

Nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi zinapendekeza majina, yanapangwa kwa alfabeti, na kila msimu huanza upya na A. Hidaya ilikuwa H, yaani kilikuwa kimbunga cha 8 kupewa jina msimu ule.

Mimi ni mvuvi. Taarifa inasema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nitoke au nisitoke?

Kama chombo chako ni ngalawa au mtumbwi, usitoke. Kama ni mashua yenye mashine, ongea na nahodha wako na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako, lakini kwanza elewa hizo tarakimu.

Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Upepo wa kilomita 40 unasukuma tanga mara 4 ya upepo wa kilomita 20, si mara 2. Nayo "mita 2" ya mawimbi si wimbi kubwa kuliko yote utakalokutana nalo. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Katika bahari hiyohiyo, ukikaa saa kadhaa, litakuja moja linalokaribia mita 4. Nimewaeleza hivi wavuvi wengi, na wengi wamenijibu kwamba walishalijua hilo wimbi, walikuwa hawajajua tu kwamba sisi nasi tunalijua.

Angalia pia maji. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, maji hupanda kuliko kawaida na mawimbi yanavunjikia penye nyumba na vyombo vilivyopandishwa. Wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, upepo uleule hauna madhara sawa ufukweni. Kalenda ya mwezi unaijua wewe vizuri, taarifa ya upepo tunayo sisi, na uamuzi mzuri unahitaji zote mbili.

Jambo ninaloliomba kila mwalo: awepo mtu mmoja mwenye simu anayepokea taarifa ya jioni na kuisoma kwa sauti au kuibandika pale samaki wanapopigwa mnada. Miaka ya nyuma nilimzika rafiki aliyekwenda baharini siku ambayo tahadhari ilikuwa imeshatolewa tangu jana yake. Kijijini kwake hakuna aliyekuwa amemfikishia.

Taarifa ya hali ya hewa inamsaidiaje mkulima wa korosho?

Inamsaidia sana, na hapa ndipo naona fursa nyingi zikipotea bure.

Mikorosho inachanua kipindi cha kipupwe, hewa ikiwa na ubaridi na umande. Hali hiyo ndiyo inayopendwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Mkulima anapulizia salfa ya unga mara kadhaa, na kila mara anatoa fedha za salfa, za mafuta ya mashine na za kibarua. Unga unahitaji hewa tulivu ili upande kwenye mti usiende kwa jirani, na umande ili unate. Kwa hiyo watu wanapulizia alfajiri. Ukisikia jioni kwamba kesho upepo wa kusi utakuwa mkali tangu asubuhi, lala. Ukisikia kuna manyunyu, subiri, maana mvua itaiosha salfa yote na utakuwa umetupa fedha chini ya mkorosho.

Kisha mavuno. Korosho zinaokotwa kuanzia Oktoba, na mvua za Msimu huku kusini zinaanza Novemba au Desemba. Zikiwahi, korosho zilizodondoka zinalowa, zinabadilika rangi, na ghalani gredi inashuka. Utabiri wa Msimu hutolewa kabla ya mvua kuanza na unataja lini zinatarajiwa. Wapo wanachama wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wanaousikiliza kwa ajili ya mahindi peke yake. Usikilizeni pia kwa ajili ya kuokota na kuanika.

"Wastani hadi juu ya wastani" ni mvua kiasi gani?

Inategemea uko wapi, na hiyo ndiyo shida ya maneno haya. Wastani ni kile ambacho eneo lako limekuwa likipata kwa miaka 30. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho, inaitwa ya wastani. Ikizidi 125, ni juu ya wastani, na ikipungua 75, ni chini. Mvua ya wastani ya Mbeya ingekuwa ya kustaajabisha Dodoma.

Elewa pia kwamba huo ni uwezekano wa jumla ya msimu mzima. Msimu waweza kufikisha wastani wake kwa mvua za wiki 2, katikati kukawa na kiangazi cha wiki 3 kilichoua mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kwa hiyo usipange mwaka kwa utabiri wa msimu peke yake. Utumie kuchagua mbegu na shamba, halafu fuata utabiri wa siku 10 na wa kila siku kuamua lini upande na lini upalilie.

Utabiri huo hauanzi na sisi peke yetu. Nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kila msimu chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha ukanda kilichopo Nairobi, wanakubaliana picha ya ukanda, kisha kila nchi inaingia ndani zaidi kwa wilaya zake.

El Niño ikitangazwa, tutegemee mafuriko?

El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Ikitokea, kaskazini na pwani ya kaskazini uwezekano wa Vuli kubwa unaongezeka. Walioona mafuriko ya 1997 na 1998 hawahitaji kuelezwa. Huku kusini, kwenye mvua za msimu mmoja, uhusiano ni dhaifu zaidi. Usiuze mbuzi kwa sababu ya neno El Niño tu, subiri utabiri wa mkoa wako.

Wazee wanatabiri kwa maua ya mwembe, ndege na nyota. Mnadharau elimu hiyo?

Mimi siidharau. Mababu zetu wa pwani walihesabu mwaka kwa miongo, siku 10 kwa 10 tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kwa hesabu hiyo walijua lini majahazi yatangoja Kaskazi na lini yatarudi na Kusi. Hiyo ni kumbukumbu ya vipimo vya karne nyingi, iliyohifadhiwa vichwani.

Dalili nyingi zina maelezo. Mti unahisi unyevu na joto kabla hatujafika na kipimajoto. Ugumu ni kwamba dalili hizo zinatokana na miaka iliyopita, na majira yenyewe yamebadilika, jambo ambalo wazee wanakuwa wa kwanza kulisema. Tukienda kijijini kueleza utabiri wa Msimu, napenda tuanze na wao: shikamoo, mnaona nini mwaka huu? Dalili zao zikikubaliana na ramani zetu, watu wanachukua hatua haraka. Zisipokubaliana, tunaandika, na mwisho wa msimu tunarudi kuangalia pamoja.

Radi ikianza nikiwa shambani nifanye nini?

Toka chini ya mti, hata kama unalowa. Mwembe peke yake katikati ya shamba ndio mahali pabaya kuliko pote. Weka jembe chini. Ingia nyumba imara au gari lililofungwa vioo. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, unapata kilomita. Lakini usingoje hesabu: ukishasikia ngurumo, radi inaweza kukufikia. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30.

Mnatabiri matetemeko? Na tsunami?

Tetemeko halitabiriki, na masuala yake yako kwa wataalamu wa jiolojia. Tsunami ni tofauti, kwa sababu tetemeko likitokea mbali baharini mawimbi yanachukua saa kadhaa kutufikia, na taarifa zake zinapitia TMA. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra na bado iliua watu kwenye fukwe zetu. Ukiona bahari imekupwa ghafla wakati si wake, usishuke kuokota samaki. Panda juu.

Tunaweza kuleta wanafunzi kutembelea kituo?

Ndiyo. Andikeni barua mapema. Wengi wanapenda kuja karibu na tarehe 23 Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, lakini siku ya kawaida ni nzuri zaidi kwa sababu kila mtoto anapata nafasi ya kusoma chombo kwa macho yake. Chombo wanachokipenda ni cha kupimia jua: tufe la kioo linalokusanya miale na kuunguza mstari kwenye kipande cha karatasi ngumu. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unapima urefu wa palipoungua na unajua jua liliwaka kwa muda wa saa ngapi. Nimewaona watoto wakikaa kimya dakika nzima wakisubiri karatasi ianze kufuka moshi.

Nahitaji takwimu za mvua kwa ajili ya ujenzi, bima au utafiti.

Leta barua inayoeleza eneo, miaka na matumizi. Kuna gharama. Kwa kalavati au daraja, omba mvua kubwa za siku moja, si wastani wa mwezi, maana wastani haubomoi kalavati.

Nataka kusaidia. Mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini?

Anaweza kupima mvua. Vituo vyenye watumishi ni vichache mno kwa nchi hii, na pengo hilo kwa miaka mingi limezibwa na watu wa kujitolea: walimu, masista wa misheni, maofisa ugani, wenye mashamba. Kituo kinachotaka kuingia kwenye mtandao wa taifa kinasajiliwa TMA, kwa hiyo anzia ofisi ya mkoa. Watakueleza kuhusu kifaa na fomu.

Kwa kuanza nyumbani au shuleni, tafuta chombo chenye kuta zilizonyooka na kitako bapa. Chupa ya maji iliyobonyea kiunoni haifai. Kiweke wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara 2 ya urefu wa mti au nyumba hiyo, kizungushie mawe kisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi simamisha rula ndani, soma milimita, mwaga maji, andika kwenye daftari tarehe na kiasi.

Siku ambayo hakukunyesha, andika 0. Usiache nafasi tupu. Nimepokea madaftari ya miaka mingi, yameandikwa kwa mwandiko mzuri na kwa moyo, halafu yana mapengo, na aliyeyaandika ameshafariki. Hakuna tena wa kumuuliza kama siku ile mvua haikunyesha au yeye alikuwa safarini.